Kabla ya kununua kadi ya grafiki, fungua kwanza faili lako la video

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Temeke, alikuja nyumbani na karatasi. Anarekodi video za harusi na sendofu, kamera anayo nzuri, na amechoka kupeleka kazi zake kwa watu wengine wakamharirie. Alikuwa amedunduliza shilingi milioni moja na laki sita za kununulia kompyuta. Mstari wa kwanza wa karatasi ulikuwa kadi ya grafiki, kile kifaa cha ziada cha kuchakata picha, nayo peke yake ilikula karibu nusu ya pesa. Diski ya kuhifadhia kazi aliiandika mwisho kabisa, kwa penseli, wala hakuiwekea bei.

"Kaka, niangalizie kama nimepanga vizuri," akasema.

"Mdogo wangu, nipe kwanza memori kadi ya kamera yako."

Tulifungua faili moja kwa MediaInfo, programu ya bure inayokuonyesha video imetengenezwaje. Ilikuwa 4K, H.265, biti 10, 4:2:2, megabiti 100 kwa sekunde. 4K ni ukubwa wa picha, H.265 ni namna ilivyobanwa, biti 10 na 4:2:2 zinahusu wingi wa rangi zilizohifadhiwa, na megabiti 100 ni data inayoandikwa kila sekunde. Mstari huo mmoja ndio unaopaswa kuamua ununue nini, na ndio ambao karibu kila anayeniomba ushauri hajawahi kuusoma.

Uzito wa kuhariri hautoki kwenye ukubwa wa picha peke yake. Sehemu kubwa inatoka kwenye namna picha ilivyobanwa. Kamera ya aina hii haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inaweka fremu moja kamili, na kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu: mkono umepanda, shela imesogea. Ndiyo maana saa nzima ya sherehe inaenea kwenye kadi yenye ukubwa wa ukucha. Lakini ukisimamisha mshale katikati ya taimlaini, ule mstari wa video kwenye programu ya kuhariria, kompyuta haina fremu hiyo tayari. Lazima irudi hadi ile iliyokamilika, kisha ijumlishe mabadiliko mpaka ifike ulipo. Sasa weka kamera tatu pamoja, bibi harusi anamlisha mumewe keki: kazi hiyo inafanyika mara tatu kwa wakati mmoja. Sauti ya MC inaendelea, uma umeganda hewani.

Kinachobeba mzigo huo ni kipande kidogo ndani ya prosesa, kazi yake ni kufumua na kubana video. Intel wanakiita Quick Sync, wanacho tangu 2011, na kinakaa kwenye grafiki za ndani ya prosesa. Kwa H.264 ya kawaida, mtangulizi wa H.265, na kwa H.265 ya simu, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, yaani toleo la nane, inakutosha. Kwa H.265 ya 4:2:2 kama ya huyu kijana, kompyuta ya mezani iwe ya kizazi cha 11 kwenda mbele. Kadi aliyoiandika ilikuwa ya NVIDIA ya mfululizo wa RTX 30, ambayo 4:2:2 haiifumui kabisa. Uwezo huo NVIDIA waliuleta kwenye RTX 50, mwaka 2025. Angelipa karibu laki nane, na uma ungebaki hewani vilevile.

Sisemi kadi haina kazi. Anayetumia programu ya kuhariria ya DaVinci Resolve kusawazisha rangi na kuondoa chengachenga za picha za usiku ataihitaji, kwa sababu programu ile inaegemea sana kadi. Ninachokataa ni kuanza nayo. Kadi unaweza kuiongeza mwakani. Prosesa isiyo sahihi utakaa nayo.

Kuna mtego ambao muuzaji hatakueleza usipouliza. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, zinauzwa rahisi kidogo kwa sababu grafiki za ndani zimezimwa. Mcheza gemu hapotezi kitu, kadi anayo. Mhariri mwenye bajeti ndogo ameacha dukani kile alichokihitaji kuliko vyote. Xeon E5 za mitumba, prosesa za Intel za seva, nazo hivyo hivyo: viini vingi, bei ya kuvutia, Quick Sync hakuna.

Kwa pesa za kawaida mimi nashauri mitumba ya maofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Chukua ile ya kasha refu la mnara. Kasha jembamba linakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo. Siku ukitaka kuongeza kitu utakwama. Kizazi cha sita na cha saba viache hata ukipunguziwa bei. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi, na Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. RAM, memori ya kufanyia kazi, iwe GB 16 kwa vipande viwili vya 8, si kimoja cha 16, kwa sababu prosesa inasoma vyote viwili kwa pamoja. Kwa 4K, Adobe wenyewe wanapendekeza GB 32 kwa Premiere Pro, programu yao ya kuhariria.

Sasa diski, ile iliyoandikwa kwa penseli.

Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5. Kwa saa moja ni GB 45. Kamera mbili zikirekodi saa nne, una GB 360 kabla hujakata chochote. SSD, diski isiyozunguka, ya GB 256 inayokuja na kompyuta ya mtumba haibebi hata harusi moja. Diski ya kuzunguka inabeba, na kwenye karatasi mwendo wake unatosha, lakini kichwa chake cha kusomea kinaruka kutoka kamera hii kwenda ile, na muda unapotea kwenye kuruka. Kwa hiyo harusi unayoihariri sasa ikae kwenye SSD ya TB 1, na zilizokwisha zihamie kwenye diski ya kuzunguka. Diski mbili za kuzunguka.

Nasema mbili kwa sababu mwaka 2019 nilikuwa na moja. Nilikuwa nimehifadhi humo sendofu ya binti mmoja wa Mbagala, na katika sendofu ile bibi yake aliinuka kwenye kiti akacheza, kitenge kimefungwa kiunoni, watu wote wakasimama. Miezi michache baadaye bibi akafariki. Mama wa binti akaja kuomba kipande kile tu, cha kuonyesha kwenye arobaini. Diski ilikuwa imeanza kugonga ndani, tk, tk, tk, na kompyuta haikuiona tena. Fundi wawili waliijaribu. Nilimweleza yule mama tukiwa tumesimama mlangoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilimwona bibi alivyocheza, nikamwambia nilimwona.

Tangu siku hiyo sinunui diski iliyotumika bila kuipitisha kwenye CrystalDiskInfo, inayoonyesha imewaka saa ngapi na ina afya gani. Ikiwa mpya na bei yake haieleweki, naijaza kwa H2testw, kwa sababu kuna diski zinazojitangaza kuwa TB 2 na ndani hazina hata robo yake. Na sifanyi kazi bila UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, faili linaweza kuharibika, na dakika tano za betri zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu.

Skrini tafuta yenye paneli ya IPS. Zile za TN hubadilisha rangi ukiinama kidogo tu, na ngozi zetu zinaonewa sana hapo: unamng'arisha bibi harusi ukidhani amefifia, kumbe kioo ndicho kilichofifia, na kwenye runinga ya ukweni anatokea kama amepakwa majivu.

Jumamosi tulikwenda Kariakoo. Tulipata OptiPlex ya mnara, i5 ya kizazi cha 11. Muuzaji alituruhusu kuweka programu anayoitumia kijana, tukafungua faili lile lile la keki. Niliburuta mshale nyuma na mbele. Uma ukaenda mdomoni, ukarudi, ukaenda tena, bila kukwama.

Muuzaji akauliza kama tunataka na kadi ya grafiki. Kijana akasema bado, amwonyeshe kwanza diski, na ziwe mbili.