Terria wa kubweka na terria wa kung'ata: yupi anafaa kwenye vichuguu vya Katanga?

Ukitaka kuwasha ubishi kati ya watu wa Lubumbashi wanaofuga terria, mbwa wadogo wa kuwinda mashimoni, uliza swali moja tu: mbwa akimkuta mnyama ndani ya shimo, afanye nini? Kundi moja litakujibu kwamba aingie, ashike, amalize. Kundi jingine litasema asimame karibu, abweke bila kukatiza, ajongee na kurudi nyuma, mpaka mnyama aamue kutoka au wenye majembe wamfikie. Kundi la kwanza linawaita wenzao waoga, la pili linawaita wenzao wajinga, na matusi hayo hayamsaidii mtu. Kila mtindo ulizaliwa na ardhi yake na mnyama wake. Shida yetu ni kwamba tumepokea mbwa bila kupokea ile ardhi. Sisi tunaegemea kwa anayebweka. Kuna kazi moja tu ambayo tunampa mkali nafasi ya kwanza, nayo ni panya. Tutaifikia.

Jina terria lenyewe linatoka kwenye terre, udongo kwa Kifaransa, neno ambalo mtu wa Lubumbashi hahitaji kufasiriwa. Uingereza ya kusini, huko Devon, mchungaji wa kanisa John Russell, ambaye mwaka 1819 akiwa bado mwanafunzi Oxford alinunua jike aliyeitwa Trump, alitaka mbwa wa kumtoa mbweha mwekundu shimoni akiwa mzima, ili mbwa wa mbio na wapanda farasi waendelee kumfukuza. Mbwa aliyemuua mbweha ndani alikuwa ameharibu siku nzima ya watu. Kaskazini, kwenye milima ya Lake District, hali ilikuwa tofauti kabisa. Mbweha anajificha kwenye lundo la mawe makubwa ambamo beleshi halifanyi kitu, na mchunga kondoo hataki mchezo wa mbio, anataka mwizi wa wanakondoo afe. Huko ndiko walikotoka Patterdale na Lakeland, mbwa wanaoshika na kuua gizani kwa sababu hakuna binadamu atakayewafikia. Wajerumani nao, baada ya vita ya kwanza ya dunia, walitengeneza Jagdterrier, na klabu yake ikaundwa mwaka 1926. Ni mbwa wa sentimita 33 hadi 40 begani na kilo 9 hadi 10 kwa dume, aliyekusudiwa kufanya kila kazi, shimoni, majini, hata mbele ya nguruwe mwitu.

Kwa hiyo anayetetea ukali hatetei upuuzi. Ana hoja, tena nzito. Mbwa asiye na meno ya kweli huzoewa na mnyama: dakika kumi za kwanza mnyama anaogopa kelele, dakika ya ishirini ameshaelewa kwamba kelele hazing'ati, naye anatulia au anampita mbwa na kuondoka. Mbwekaji dhaifu hutoka nje kunywa maji, na wakati huo shimo limebaki wazi. Mahali pasipochimbika, mbweko wa saa tatu ni mateso kwa mnyama na kwa mbwa pia, wakati mshiko mmoja mzuri ungemaliza jambo mapema. Haya yote ni kweli. Lakini ni kweli juu ya mbweha wa Ulaya, mnyama wa kilo 5 hadi 8 ambaye silaha yake ni mdomo tu.

Sasa tazama shimo la kwetu. Ukitoka mjini kuelekea Kipushi au Kasenga unaona vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vimepita urefu wa nyumba, vimesimama katikati ya miombo na mashamba ya mahindi. Muhanga anavitoboa akitafuta mchwa, kisha anahama, na mashimo yake yanarithiwa na wengine. Mwindaji hajui nani amepanga humo. Anaweza kuwa nungunungu mwenye kilo 10 hadi zaidi ya 20. Huyo hampi mbwa uso. Anageuza mgongo, anaziba handaki kwa miiba, na akisumbuliwa anarudi kinyumenyume kwa kasi. Mbwa mkali anaruka palepale, na miiba inaingia mdomoni, shingoni, kifuani. Mbwekaji anapata mmoja au miwili puani, anajifunza kukaa mbali nusu mita. Anaweza kuwa nyegere, ambaye ngozi yake imelegea kiasi kwamba mbwa akimshika shingoni anajigeuza ndani ya ngozi hiyo na kumng'ata aliyemshika. Anaweza kuwa ngiri. Ngiri mkubwa huingia shimoni kwa makalio, meno yakibaki upande wa mlango, na akiamua kutoka anatoka kama jiwe lililorushwa. Hakuna terria wa kilo 7 wala wa kilo 10 anayefaa mbele ya huyo, mbweko au meno. Unamwita mbwa, unaondoka. Na kabla ya yote hayo kuna nyoka. Mbwa anayenusa na kupiga kelele kwanza ana nafasi ya kupona. Anayetanguliza mdomo hana.

Kuna pia kakakuona. Anajikunja kama mpira, hapigani wala hatoki. Tangu Januari 2017 kakakuona wa aina zote wako kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku. Ukiwa na mbwekaji, unachimba kidogo, unaangalia kwa tochi, unamtoa mbwa, unarudisha udongo. Ukiwa na mbwa mkali, mpaka ufike, mnyama huyo ana majeraha. Na kwa jumla sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali. Mtu atawezaje kuheshimu kibali chake kama mbwa anaua gizani kabla mwenye kibali hajajua ni mnyama gani? Kwetu hoja hii peke yake inatosha.

Wanaopenda mbwa mkali hujibu kwamba siku hizi kuna kola ya redio: mbwa anavaa kitumaji shingoni, aliye juu anashika kipokezi, naye anajua mbwa yuko wapi hata kama ni bubu. Kola ni kifaa kizuri na tunashauri mbwa yeyote asiingie shimoni bila hiyo, betri ikiwa imebadilishwa asubuhi ileile. Ila kola inakuambia mbwa yuko wapi. Haikuambii yuko na nani, wala wanafanya nini. Sauti ndiyo inayosema. Mbweko wa mdundo mmoja kutoka mahali pamoja maana yake mbwa amemkabili mnyama na mnyama amesimama, basi chimba. Mbweko unaosogea maana yake mnyama anatembea ndani ya mahandaki. Ukichimba sasa utapata mahali alipokuwa. Mbweko ukikatika na kugeuka mguno mzito, kama mtu anayeongea huku ameshika kitu mdomoni, mbwa ameshika au ameshikwa. Na kimya cha dakika mbili tatu baada ya vurugu ndicho cha kuogopa: ama mnyama amejizibia kwa udongo, ama mbwa amekwama, ama kuna nyoka.

Uchimbaji wenyewe una makosa mawili yanayoua mbwa kuliko meno ya mnyama yeyote. La kwanza ni kuchimba juu ya sauti moja kwa moja. Kichuguu kikavu cha Agosti kinagonga kama tofali, sururu inatoa bonge zima, na bonge hilo linamwangukia mbwa. Anza ubavuni, nusu mita pembeni ya sauti, na ukikaribia handaki weka sururu chini utumie beleshi dogo kwa utaratibu. Usitangulize mkono wako ndani. Baada ya mvua kubwa za Desemba, acha kabisa, kwa maana paa la handaki limelegea. Kosa la pili ni kuingiza mbwa wawili. Wa nyuma anamsukuma wa mbele juu ya mnyama, na wa mbele hana pa kurudi. Mbwekaji hodari, ambaye usalama wake wote ni ile nafasi ya kurudi nyuma, anageuzwa mbwa mkali kwa nguvu. Mbwa mmoja kwa shimo moja.

Ukubwa nao unaingia hapa, na upande wa ukali una deni la kulipa. Kipimo cha zamani cha terria ni mikono miwili: mshike nyuma ya mabega, vidole gumba vikutane juu, vidole vingine vikutane chini ya kifua. Ni kifua cha mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kinatakiwa kibonyee. Jack Russell, terria aliyepewa jina la yule mchungaji wa Devon, akiwa na sentimita 25 hadi 30 begani anapaswa kuwa na kilo 5 hadi 6. Wanaozalisha kwa kutafuta ukali tu huishia na vichwa vizito na vifua vya pipa, na mbwa wa namna hiyo hukwama kwenye kona ya kwanza ya handaki.

Tugeukie panya, kwa sababu hapa hukumu yetu inabadilika. Kwenye depo la mahindi hakuna shimo refu wala mnyama wa kumshinda mbwa. Kuna panya arobaini, na kila mmoja ana sekunde mbili za kufika kwenye ufa. Mbwa anayesimama kubweka ni hasara. Anayetakiwa ni yule anayeshika nyuma ya mabega, anatikisa mara moja, anaachia na kumgeukia mwingine. Tazama hiyo hatua ya kuachia: mbwa anayeendelea kutafuna panya aliyekwisha kufa ana ukali, lakini hana kazi. Ziba mashimo ya ukutani usiku uliotangulia kwa matambara au matope, bakiza mawili. Asubuhi weka mbwa wawili au watatu, watu wawili wa kuhamisha magunia safu kwa safu kuanzia mbali na mlango, na mwingine mwenye fimbo kwenye mashimo yaliyobaki. Magunia ya mwisho ndiyo yenye panya wengi, kwa hiyo wapumzishe mbwa kabla ya kuyagusa.

Jambo la kuuliza kabla hujafungua mlango ni sumu. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu, hupita kutoka kwa panya kwenda kwa mbwa. Mbwa anaonekana mzima siku mbili tatu, kisha fizi zinapauka, anachoka, anakohoa damu. Tiba ni vitamini K1 kutoka kwa daktari wa mifugo, kwa wiki tatu hadi nne. Kama sumu iliwekwa ndani ya mwezi uliopita, sisi tungekataa kazi hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya leptospira, bakteria wanaoenezwa na mkojo wa panya, lazima ziwe zimekamilika.

Wapo wanaosema ubishi wote huu ni wa kigeni, kwamba Kongo ina mbwa wake. Wana haki ya kulisema. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo, alipoonyeshwa Uingereza mwanzoni aliitwa terria wa Kongo, ingawa hafanyi kazi ya shimoni. Yeye hatoi mbweko wa kawaida, ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue yuko wapi anaposukuma wanyama kwenye nyavu. (Tazama jinsi watu wa msituni walivyotatua tatizo la mbwa bubu zamani kabla ya redio.) Kwa ndezi kwenye matete ya mabondeni, mbwa wa kijijini wa aina hiyo, mwenye miguu mirefu na aliyezoea kupe wa hapa, anamshinda terria yeyote. Jike la terria likiletwa kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa linaweza kuangushwa na homa ya kupe msimu wa kwanza. Ila kichuguu ni kichuguu. Mbwa wa kilo 11 mwenye miguu mirefu haingii humo, na akiingia haongei.

Mtindo hutoka kwenye damu, lakini mwenye mbwa anaweza kuuharibu. Mwanzishe na panya akiwa na miezi minane, meno ya kudumu yakiwa yametimia. Shimo lisubiri mwaka mmoja au zaidi. Mbwa mchanga akiumizwa vibaya mapema, ama haingii tena, ama anaingia kwa hasira na kushika chochote, na watu wakamsifia kuwa jasiri. Akipigwa miiba ya nungunungu, usiikate. Shika kwa koleo karibu na ngozi, vuta sawasawa bila kupinda, mmoja baada ya mwingine, kisha safisha kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi. Mwiba uliosimama kati ya mbavu usiuguse kabisa, mpeleke kwa daktari nao ukiwemo.

Na muuzaji akikuonyesha makovu ya usoni kama cheti cha ushujaa, mfungue mbwa mdomo. Angalia kama meno manne ya chonge yapo na kama mdomo wa chini haujachanika. Kisha uliza umri. Mbwa wa miaka sita mwenye kazi nyingi na uso mzima ndiye wa kulipia ghali.