Daraja Libomolewe, Lakini Ardhi ya Chini Yake ni ya Nani?

Kazi yangu ya kwanza hapa Syracuse, jimbo la New York, ilikuwa ya zamu ya usiku kule kilimani, upande wa hospitali na chuo kikuu. Saa moja asubuhi nilikuwa nikitoka nateremka Adams Street kwa miguu hadi kituo kikuu cha mabasi, kwenye kona ya Salina Street. Ni mwendo wa dakika kumi hivi, na kipande kibaya kuliko vyote kilikuwa kuvuka Almond Street, chini ya daraja la barabara kuu ya I-81. Juu magari yanakwenda mbio, na kila yanapopita kwenye maungio ya zege unasikia du-du, du-du. Chini kuna nguzo na kiza, na magari yanageuka kutoka kila upande yakitafuta pa kupandia. Wewe umesimama na kofia yako ya sufu unangoja taa ya waenda kwa miguu, nayo ikiwaka haikai. Majira ya baridi daraja hukudondoshea maji ya chumvi shingoni, maana huku theluji hufika karibu mita tatu kwa mwaka na barabara zinatiwa chumvi kama mtu anayekausha samaki.

Asubuhi moja nilivuka pamoja na mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, tuliyekuwa naye zamu moja. Nilikuwa bado mgeni, nikamuuliza kwa nini katikati ya mji wameezeka paa la magari. Alicheka.

"Mwanangu, hii barabara ni ya batu benye kupita."

Tangu siku hiyo nimesoma makabrasha mengi kuhusu daraja hili, na sijaona lililosema kwa ufasaha kuliko yeye.

Kwa mtu asiyeujua mji huu: I-81 ni barabara kuu inayotoka Tennessee hadi mpaka wa Kanada. Ikifika Syracuse inapanda juu ya nguzo na kupita katikati ya mji kwa zaidi ya kilomita mbili. Magharibi yake kuna maduka, mahakama na ofisi. Mashariki kuna chuo na hospitali, yaani waajiri wakubwa wa mji. Na pale nguzo ziliposimikwa palikuwa na mtaa ulioitwa Kata ya 15.

Kata ya 15 ilikuwa ya Wayahudi, kisha ikawa ya Wayahudi na watu weusi waliohamia kutoka majimbo ya kusini. Watu weusi hawakukaa pale kwa kupenda tu, kwani mitaa mingine haikuwapangisha. Miaka ya 1930 wachora ramani za mikopo walikuwa wameshaupaka mtaa huo rangi nyekundu, na benki ikiona nyekundu haikopeshi. Nyumba isiyopata mkopo haikarabatiwi, na isipokarabatiwa huchakaa, halafu anakuja ofisa anasema mtaa huu umechakaa, uondolewe. Mwaka 1956 ikapita sheria ya barabara kuu za kitaifa, serikali ya Washington ikiahidi kulipa asilimia 90 ya gharama. Ukiambiwa toa shilingi moja uongezewe tisa, utatafuta pa kujenga hata kama hukuwa na haja. Daraja likaja sambamba na mpango wa "kuusafisha" mji, na zaidi ya familia 1,300 zikahamishwa. Makanisa yakaondoka, vinyozi, wauza samaki, baa za muziki. Kilichobaki ni Pioneer Homes, nyumba za umma za tangu miaka ya 1930, zikiwa zimebanwa ubavuni mwa barabara kiasi kwamba mtoto akifungua dirisha anaona matairi.

Sasa daraja limezeeka. Wahandisi wa jimbo walikwishasema umri wake wa kazi ungefika mwisho mwaka 2017, kwa hiyo kuliacha hivyo hivyo halikuwa chaguo. Zilikuwapo njia tatu: kujenga daraja jipya lililo pana zaidi, kuchimba handaki kwa mabilioni ya ziada, au kuliondoa kabisa. Mwaka 2019 idara ya uchukuzi ya jimbo ikaegemea hiyo ya tatu, na mwaka 2022 ikaithibitisha. Magari ya masafa yatapelekwa I-481, barabara ambayo tayari inauzunguka mji kwa mashariki. Almond Street itakuwa barabara ya kawaida ya mjini, yenye taa, miti, njia za baiskeli na vivuko. Bei ni dola bilioni 2.25. Kazi ilianza 2023 pembezoni, kutengeneza njia ya kuzunguka kabla ya kuligusa daraja lenyewe. Wapinzani walikwenda mahakamani, na jaji akazuia sehemu ya kazi, mpaka mahakama ya rufaa ilipokiondoa kizuizi hicho Februari 2024.

Nakubaliana na uamuzi wa kuliondoa daraja, na nakubali kinyume cha faida yangu. Siku hizi nina gari. Nakaa kaskazini, nafanya kazi kusini, na hilo daraja linaniokolea dakika kila siku. Nikiwa juu, mji wote unaonekana mzuri, hasa jioni taa zikiwaka. Kwa hiyo nawaelewa wenye hoteli na maduka wa huko kaskazini waliolia kwamba wateja watapitishwa mbali. Sitawaita wabaya. Ila katika mabishano yote yale, miaka nenda miaka rudi, hesabu iliyopigwa ilikuwa ya mwenye gari: atachelewa dakika ngapi? Mimi nilivuka Almond Street kwa miguu kwa miaka mitatu, na sikumbuki mtu aliyeniuliza dakika zangu. Wala dakika za mzee wa Pioneer Homes mwenye mkongojo, anayeiona hospitali kwa macho lakini kuifikia ni safari.

Wapo wanaosema mji utakufa. Hao hawajautazama mji wao. Erie Boulevard, barabara pana inayopita katikati, ilikuwa mfereji wa maji. Mfereji wa Erie ulikamilika mwaka 1825, mashua zikapita hapa katikati ya majengo, na chumvi iliyochemshwa kando ya ziwa Onondaga ikapata njia ya kwenda sokoni. Mji ulikua kwa sababu ya ule mfereji. Hata hivyo miaka ya 1920 waliufukia wakaufanya barabara. Treni nazo zilikuwa zikipita Washington Street, mbele ya milango ya maduka, moshi na yote, hadi 1936 walipoziinua juu ya tuta. Baadaye treni zikaondoka na tuta lile likawa njia ya barabara nyingine kuu, I-690. Nimewahi kusimama pale mbele ya jumba la makumbusho la mfereji nikijaribu kuwaza maji mahali penye lami, nikashindwa. Mji uliofukia mfereji uliouzaa unaambiwa hauwezi kuishi bila daraja la zege la juzi!

Miji mingine imeshapita njia hii. San Francisco wapiga kura walikataa kuibomoa barabara yao ya juu ya Embarcadero mwaka 1986. Mwaka 1989 tetemeko likaitikisa ikawa haifai kupitika, na mwaka 1991 ikaanza kubomolewa. Leo ukienda unaona mitende, tramu na bahari. Huo ndio upande unaosimuliwa. Upande usiosimuliwa sana ni kwamba wafanyabiashara wa Chinatown waliipinga bomoabomoa ile kwa nguvu, maana wateja wao walikuwa wakija kwa barabara hiyo, na meya Art Agnos aliyeiunga mkono alishindwa uchaguzi mwaka ule ule. Na ardhi ya ufukweni ilipopata jua, haikubaki ya bei ya zamani.

Jirani zetu wa Rochester, saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa, walikuwa na barabara iliyozama kama handaki lisilo na paa, ikiuzunguka mji. Upande wa mashariki waliufukia kati ya 2014 na 2017. Juu ya kifusi zimeota nyumba za kupanga, baadhi za kodi nafuu, na jumba la makumbusho ya michezo na vitu vya kuchezea limejitanua. Nilipita pale kiangazi nikanunua kahawa mahali ambapo miaka michache nyuma ningekuwa mita kadhaa juu ya magari. Nilifurahi, kisha nikaiona bei ya kahawa.

Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Daraja likishuka zitabaki ekari kadhaa tupu katikati ya mji, kati ya hospitali na ofisi, na kila mwenye macho anajua zitakuwa na thamani. Mpaka sasa kinga ya wapangaji maskini wa eneo lile imekuwa ubaya wa daraja lenyewe: nani tajiri atake kulala karibu na du-du, du-du? Ukiondoa kelele, unaondoa na kinga. Shirika la haki za kiraia la NYCLU limependekeza ardhi hiyo iwekwe chini ya amana ya jamii, ili isiuzwe kwa mwenye fedha wa kwanza kunyoosha mkono. Mwaka 2023 serikali kuu ilitoa dola milioni 50 za kujenga upya nyumba za umma za mtaa huo, na wapangaji wameahidiwa kurudi. Mimi natoka Kenya. Nikisikia "mtahama kwa muda, mtarudi", masikio yananisimama. Kama mtu anaamini ahadi hiyo, aiandike kwa jina la mpangaji, nyumba namba fulani, kodi kiasi fulani, kabla winchi haijafika. Barabara imepewa michoro inayohesabu mpaka mitaro ya maji. Wapangaji nao wachorewe.

Dada yangu wa Imara Daima, Nairobi, nikimsimulia haya kwa simu huwa ananicheka. "Nyinyi mnabomoa, sisi yetu ndiyo kwanza mpya." Expressway ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa kwa magari Mei 2022, nayo itatozwa ada kwa miaka 27. Sitasema ni jambo lile lile. Ile imefuata Mombasa Road na Uhuru Highway zilizokuwapo tayari, haikupasua mtaa kama Kata ya 15. Lakini dada yangu hupita chini yake ndani ya matatu, kwenye jam, na anapovuka kwa miguu anavuka nguzo. Mugumo mmoja mkubwa wa Waiyaki Way ulinusurika kwa amri ya rais mwaka 2020, na ninafurahi kwa niaba ya mti. Wauza miche na wenye vibanda kando ya barabara hawakupata amri ya namna hiyo.

Nirudi Syracuse. Katika kikao kimoja cha wananchi, kimojawapo kati ya vile vya ubao, kalamu za rangi na biskuti, nilikwenda na yule mama wa Bukavu ili nimtafsirie. Walituonyesha picha za kompyuta: miti iliyokomaa, watu wanatembea na mbwa, jua la Juni. (Hakuna aliyewahi kuchora mradi wa Syracuse wenye theluji.) Mama alitazama kila picha kwa makini, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Uliza: manyumba yenye mutajenga pale, kodi yake itakuwa ngapi?"

Nikatafsiri. Kijana aliyekuwa na kipaza sauti akasema hilo lingeamuliwa katika awamu inayofuata, ila mama angeweza kuacha jina na namba ya simu ili ajulishwe. Mama akaandika zote mbili kwa herufi kubwa, akairudia namba yake kwa sauti kuhakikisha. Kila nikikutana naye namuuliza kama wamepiga. "Bado," ananiambia, na anaitoa simu mkobani kunionyesha kwamba ina chaji.