Msimtoe ng'ombe kwenye barua za babu

Kanisa letu la kijijini, upande wa Mvumi mkoani Dodoma, linajiandaa kwa jubilei, na kamati imeamua kuchapa kijitabu cha historia. Ndani yake wanataka ziwemo barua za babu yangu, aliyekuwa kasisi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nilifurahi sana nilipopigiwa simu. Mwezi uliopita nikaletewa rasimu huku Kikuyu, Dodoma mjini, ninakoishi, niipitie kabla haijaenda kwa mpiga chapa. Barua 31 zimebaki 9, na katika hizo 9 ng'ombe hayumo.

Inabidi nieleze huyo ng'ombe ni nani.

Babu alizaliwa Ugogo, nchi ya Wagogo, miaka michache kabla ya ile vita ya kwanza, ya Mjerumani na Mwingereza. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Mwingereza yaliiteka Dodoma. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ilipokataa, ikaja njaa ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920. Wanahistoria wanakadiria kuwa watu 30,000 walikufa, katika eneo lililokuwa na watu kama 150,000. Babu alipona. Ndugu zake wawili hawakupona. Mtu aliyekulia katika njaa hiyo hataji ng'ombe ili kujaza karatasi.

Alisoma shule ya misheni, akajifunza uchungaji Kongwa, na vita ya pili ilipokuja akaenda nayo. Alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa begani nembo ya kichwa cha kifaru. Walikaa kwanza Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 wakaingia Burma. Waliteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, wakiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal. Matope, malaria na homa ya utitiri wa vichakani vilikuwa adui wa pili. Tarehe 2 Desemba 1944 wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Muda wote huo babu hakubeba bunduki. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulimlinda kasisi wa jeshi kama ulivyomlinda daktari. Kazi yake ilikuwa kuongoza ibada, kukaa na wagonjwa, kuzika, na kuwaandikia barua askari wasiojua kuandika.

Hayo ya Burma kamati imeyabakiza karibu yote. Mahubiri nayo yamo, zaburi zimo. Sina ugomvi nayo.

Lakini barua za babu hazisomeki bila kujua zilipita wapi. Kabla ya kuondoka kambini, kila barua ilisomwa na ofisa. Majina ya mahali hayakuruhusiwa, wala habari za vita. Katika barua ya pili babu anamweleza bibi kwamba ataandika Kiswahili, kwa kuwa ofisa anayezisoma anakijua Kiswahili lakini Cigogo, lugha yetu Wagogo, hakijui, na barua asiyoielewa inaweza kulala mezani kwake wiki nyingi. Neno moja tu la nyumbani lilipenya. Kila barua inaanza na "Mbukwenyi", halafu ndipo zinafuata salamu nyingi kama maji ya bahari, na hali yangu njema, hofu ni kwenu.

Sasa mfikirie bibi. Kiswahili chake siku hizo kilikuwa cha sokoni, na kusoma hakujua kabisa. Barua ikifika, alikwenda nayo kwa mwalimu wa shule ya kanisa. Mwalimu aliisoma kwa sauti na kuitafsiri, na mama mkwe wake bibi yupo pale amekaa, watoto wapo, na majirani waliosikia kwamba kuna barua wamekuja pia. Yaani neno la mume kwa mkewe lilipita kwanza kwenye macho ya ofisa wa Kizungu, likatoka kinywani mwa mwalimu, likaingia masikioni mwa mama mkwe, ndipo likamfikia mwenyewe. Katika hali hiyo, na katika malezi yetu, mwanaume hawezi kutamka "nimekukumbuka". Alichoweza kufanya ni kuuliza habari za ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Baba yake bibi alimpa binti yake kwa ajili ya maziwa, baba mkubwa alipozaliwa. Nimehesabu: katika barua 31, babu anamuulizia mara 24. Anauliza kama bado anakataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa bibi. Anauliza kama bado anasimama mlangoni jioni akiangalia njia. Katika barua moja ya Septemba 1944 anasema kwamba usiku mvua ikipungua husikia kengele ya yule ng'ombe, na anajua fika kuwa huko aliko hakuna ng'ombe.

Nilipokuwa msichana wa darasa la sita nilimuuliza bibi, akiwa anapepeta uwele, mbona babu alimpenda sana yule ng'ombe. Hakuinua uso. Akasema, "Babu yako? Alipokuwa hapa hakuwahi hata kumfukuza inzi." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea na ungo wake.

Ndiyo sababu rasimu ile ilinichoma. Mmoja wa wanakamati, mzee ninayemheshimu na ambaye shikamoo yangu kwake haina unafiki, aliniambia kuwa wasomaji wa kijitabu cha kanisa wanatafuta Neno, hawatafuti mifugo. Nikamjibu kwa adabu kwamba katika barua hizi mifugo ndiyo neno. Ukimwondoa yule ng'ombe, unabaki na mhubiri mzuri aliyehubiri mbali na kwao. Bibi hayumo tena. Alingoja miaka mitatu, akalima, akafukia watoto wawili wachanga, halafu kijitabu cha ukoo na kanisa lake mwenyewe kinamtoa nje pamoja na ng'ombe wake kwa sababu hawakuwa wa kiroho vya kutosha.

Kuna barua nyingine waliyoiweka kando. Pembeni mtu ameandika kwa penseli: "haina kitu". Ina mistari minne, ya tarehe 21 Februari 1944. Mbukwenyi. Mimi mzima. Wasalimu watoto, waambie mimi mzima. Mwambie na mama kuwa mimi mzima. Basi. Hata ng'ombe hayumo. Kwa miaka mingi na mimi niliiona hivyo hivyo, barua ya mtu aliyechoka au aliyekosa muda.

Kisha nikasoma habari za meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na miongoni mwao walikuwamo pia wauguzi wa kike. Njia ni ileile aliyopita babu. Hakuruhusiwa kuandika kwamba kuna meli imezama, wala kwamba yeye hakuwamo. Lakini alijua kwamba uvumi haukaguliwi na ofisa, na kwamba ungeweza kupanda reli ya kati ukafika Dodoma kabla ya barua yake. Kwa hiyo akaandika kitu pekee alichoruhusiwa kuandika, akakiandika mara tatu. Hakuna hati inayothibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nimeziweka tu tarehe hizo mbili pamoja juu ya meza, nikashindwa kuendelea na kazi yoyote siku hiyo.

Na hiyo ndiyo barua isiyo na kitu.

Malalamiko yake nayo yameondolewa, kwamba ni siasa: mshahara wa askari Mwafrika na wa Mzungu, chakula cha huyu na cha yule. Sioni ubaya wa kasisi kusema kwamba hilo halikuwa haki. Tena imeondolewa barua ya mazishi, ile anayoeleza jinsi alivyozunguka kambini usiku kumtafuta Mwislamu wa kuja kumwosha na kumswalia askari kutoka Kondoa, kisha yeye mwenyewe akasimama nyuma na taa mpaka walipomaliza. Nadhani ilionekana si habari ya kanisa. Kwangu ndiyo barua iliyonionyesha kasisi alikuwa mtu wa namna gani.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waliochukuliwa Ugogo kubeba mizigo wamo katika kundi hilo. Majina hayakupotea yenyewe. Kuna watu walioketi wakaamua nani anafaa kuandikwa. Sisi tuliodhulumiwa hivyo tunapokaa mezani na kalamu nyekundu, mkono ungepaswa kututetemeka kidogo.

Baba mdogo, ambaye yumo katika kamati, alinijibu jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema, "Mwanangu, baba hakuandika haya yasomwe na watu." Ni kweli. Hakuandika yasomwe na ofisa pia, wala na mwalimu, lakini hoja ya baba mdogo haifutiki kwa jibu hilo, na sitaki kujifanya imefutika. Ndani ya kopo la biskuti ambamo bibi alizitunza barua hizi kulikuwa na karatasi ya thelathini na mbili. Hiyo si barua ya babu kwa bibi. Ni barua aliyomwandikia askari mmoja kwa mkewe, na kwa sababu nisiyoijua haikutumwa. Ina mambo ya nyumba ya watu. Kasisi aliyasikia kwa kazi yake, akayanyamazia hadi kaburini. Hiyo sikuipeleka kwenye kamati, sikuipiga picha, na sitaipeleka popote. Siri ile haikuwa ya babu, wala si yangu. Lakini ng'ombe alikuwa wa bibi, na bibi ndiye aliyezitunza barua hizi miaka 50 uvunguni mwa kitanda, akazikabidhi kwangu kwa mkono wake akisema nizisome.

Wenzangu mlio na barua kama hizi majumbani, za Burma au hata za Kagera, naomba tu mzitazame mapema. Taifa lina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, na lina wataalamu wa kuzihifadhi, lakini hawawezi kujua kilichomo kwenye sanduku la bati la marehemu. Msizibandike gundi ya karatasi wala msizifunge kwenye plastiki ya moto. Zipigeni picha kwa simu, kivulini, mbele na nyuma. Mchwa wa Dodoma tayari wamekula kona za barua zangu mbili, na katika moja kona hiyo ilikuwa na tarehe.

Barua za bibi hazipo. Zile alizomwandikisha mwalimu zilibaki huko huko, pengine zililoa zikaoza kwenye mkoba wa babu. Sauti yake tunaisikia tu katika majibu ya mumewe. Katika barua ya Mei 1945, wakiwa wametolewa mstari wa mbele, babu anamshukuru kwa habari kwamba yule ng'ombe amezaa mtamba, na anasema amekubali uamuzi wake bibi wa kutompa ndama jina mpaka yeye arudi.

Kikao cha kamati ni Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Nimechapa barua zote 31 na nimemwomba baba mkubwa aje aisome hiyo ya Mei kwa sauti. Amepita miaka 85 sasa, macho yamepungua, lakini jina alilopewa yule ndama bado analikumbuka.