Paladin aliyesimama tu anafanya kazi gani?

Katika meza za gemu za dadu, ambako kila mchezaji huigiza mhusika wa hadithi, Ngamiani au kwingineko Tanga, anayechagua mhusika wa uwezo wa kudumu, yaani unaofanya kazi wenyewe bila kuamshwa, kama wa Paladin, askari mtakatifu, huambiwa amelala. Ajabu, ukipita barazani wazee wakicheza bao, hakuna anayesema hivyo kuhusu nyumba. Nyumba yenye kete imekaa kimya, lakini mpinzani hapangi mkono bila kuichungulia.

Wanaopenda uwezo wa kuamsha, ule ambao mchezaji huamua mwenyewe lini autumie, wana hoja nzito. Chukua toleo la 5 la gemu ya Dungeons & Dragons, la mwaka 2014. Mpiganaji wa aina ya Champion akifika ngazi ya 3, dadu ya pande 20 ikitua 19 pigo lake huhesabiwa kama 20, yaani dadu za madhara zinarushwa maradufu. Hiyo ni nafasi 5 za ziada katika 100. Kwa upanga mkubwa wa dadu 2 za pande 6, wastani 7, ameongeza madhara 0.35 kwa kila shambulio. Mwenzake Battle Master, mpiganaji wa aina nyingine wa ngazi ile ile, ana dadu 4 za pande 8 za kuongezea madhara anapoamua: wastani wa jumla 18, na zinarudi kila baada ya pumziko fupi. Champion aifikie hiyo 18 lazima ashambulie mara 51 hivi, na ngazi ya 3 kawaida ni shambulio moja kwa zamu.

Hamsini na moja! Wengi hufunga kesi hapo. Lakini namba hiyo inachukulia kwamba dadu zote 4 zimetumika. Anayezibania akimngoja adui mkubwa, kisha akaenda kupumzika na 2 mkononi, ameishusha hadi 26. Isitoshe, inamhukumu Champion, ambaye kwa kweli alipunjwa na waliomtunga. Haiuhukumu uwezo wa kudumu wenyewe.

Mpime Paladin wa ngazi ya 6. Akiwa na haiba 16, yeye na rafiki yeyote aliye ndani ya futi 10 wanaongezewa 3 kila wanaporusha dadu ya kujinusuru, ile ya kuepuka au kupunguza hatari. Hatumii zamu wala hatamki kitu. Sharti ni asizimie. Joka jekundu changa likipuliza moto, wastani wa madhara ni 56, na aliyejinusuru anapata nusu. Ile 3 ni nafasi 15 katika 100 za kuokoa 28, sawa na 4.2 kwa mtu. Watu wanne ni 16.8 kwa pumzi moja, karibu sawa na dadu zote 4 za Battle Master. Kasoro ipo: ili wanufaike lazima wabanane, na joka linapenda hasa watu waliobanana.

Kwa mchawi, ubishi wa kuamsha na kudumu hauna maana sana, kwa sababu kimoja hubeba kingine. Fireball ni ya kuamsha, dadu 8 za pande 6, lakini duara lake la futi 20 kila upande haliulizi nani rafiki. Mchawi wa tawi la Evocation ana uwezo wa kudumu tangu ngazi ya 2 unaomruhusu kuwatoa watu 4 ndani ya moto huo bila kuungua. Bila huo, mara nyingi Fireball inabaki kitabuni, maana wapiganaji wameshajichanganya na maadui.

Halafu kuna umakini. Mchawi anayeshikilia uchawi unaoendelea akipigwa madhara madogo lazima afikishe 10 kwenye dadu ya kujinusuru, la sivyo uchawi unakatika. Mwenye nyongeza ya 2 anashindwa mara 35 katika 100. Akiwa karibu na Paladin yule, 20. Kwa hiyo mwekeni miraba miwili ya ramani, kila mmoja futi 5, nyuma ya Paladin. Wa tatu ni futi 15, na huko hapati kitu.