Dongola, 652: Mji haukuanguka, lakini nani alilipa?

Mzee mmoja Mwarabu aliyepigana Nubia, nchi ya kale kusini mwa Misri, alisimulia kuwa siku moja Wanubi walijipanga mbele yao, na kabla panga hazijafanya kazi, mishale ilikwisha kupofua macho 150. Simulizi hiyo ilihifadhiwa na al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya 9. Waarabu waliwaita wapiga mishale hao kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "walenga mboni".

Jeshi la Waarabu hao lilitokea Misri, ambayo jemadari wao Amr ibn al-As alikuwa ameitwaa kutoka kwa Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki. Jaribio la kwanza la kuingia kusini, mwaka 642 hivi, lilishindwa. Miaka 10 baadaye gavana Abdallah ibn Sa'd alifuata Mto Nile hadi Dongola, mji mkuu wa Makuria, ufalme wa Kikristo wa Wanubi, kaskazini mwa Sudan ya leo. Aliuzingira na kulipiga kanisa lake kwa mtambo wa kurusha mawe. Mji haukuanguka. Yakafuata makubaliano yaliyoitwa baqt.

Wapo wanaouhesabu huu kuwa ushindi mkubwa wa Waafrika, na hawakosi hoja. Dola lililowapiga Wabizanti na kuwavunja Waajemi katika miaka michache lilikwama mbele ya pinde za Wanubi. Mpaka ukabaki karibu na Aswan kwa takriban miaka 600. Nyuma ya mpaka huo Wanubi waliandika lugha yao wenyewe na kuchora kuta za kanisa kuu la Faras, michoro ambayo baadaye iligawanywa kati ya makumbusho ya Khartoum na Warsaw. Bila Dongola sidhani tungekuwa nayo.

Wengine wanauliza: mshindi gani hutoa watumwa 360 kila mwaka, kama baqt inavyosimuliwa kutaka? Hapa inabidi kutazama nani anasimulia. Al-Maqrizi, aliyeandika katika karne ya 15, anaueleza mkataba wenye masharti kamili, kama wa bwana na mtwana. Ibn Abd al-Hakam, aliyeishi karne 6 kabla yake, anataja suluhu ya kutoshambuliana, Wanubi wakitoa watu na Misri ikitoa chakula. Mimi namwamini zaidi huyu aliyekuwa karibu na tukio. Hata neno baqt lina asili ya Kilatini, pactum, yaani mapatano. Si jizya, kodi ya wasio Waislamu walio chini ya utawala wa Kiislamu.

Kwa hiyo kwa wafalme yalikuwa mapatano ya heshima, hilo nalikubali. Ila heshima hiyo ilinunuliwa kwa watu.

Mwaka 1972 huko Qasr Ibrim, ngome ya kale ya Nubia, ilifukuliwa barua ya mafunjo ya mwaka 758, kutoka kwa gavana wa Misri Musa ibn Ka'b kwenda kwa mfalme wa Nubia. Gavana analalamika kwamba baqt haitimizwi. Anasema wanaoletwa hawafai: mwenye chongo, kiwete, mzee dhaifu, mtoto mdogo. Nimeisoma tafsiri yake mara kadhaa na kila mara nakwama kwa huyo mtoto. Wanahistoria huitumia barua hii kuonyesha kuwa Makuria ilikuwa na kiburi cha kupuuza deni, nami sipingi. Lakini ina maana pia kwamba mtu fulani, upande wa Nubia, alikaa akachagua nani wa kupelekwa, akawachagua wasio na nguvu ya kukataa. Walenga mboni walilinda ufalme. Hao hawakulindwa.

Mwaka 836 mwana wa mfalme, Georgios, alifika Baghdad kuzungumzia malimbikizo ya baqt mbele ya khalifa al-Mu'tasim. Inasimuliwa kuwa alipokelewa kwa heshima na kupewa zawadi, na kwamba malipo yakapunguzwa yawe mara moja kila miaka 3. Hayakufutwa.