Mlipeni mwenye ufunguo

Juni hii nilikwenda kumwona mama mdogo kijijini, Muheza. Machungwa yalikuwa yameiva, na kama ilivyo kila likizo, watoto walikuwa barabarani na ndoo zao, wanakimbilia kila basi linalopunguza mwendo. Mmoja wao ni mtoto wa binamu yangu, yuko darasa la tatu. Jioni nilimpa kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, nikamwambia anisomee. Akaweka kidole chini ya herufi, akaenda silabi kwa silabi. Alipofika kwenye neno "halmashauri" alikwama, akanitazama, akanirudishia karatasi.

Nikamuuliza, shuleni kwenu si kuna maktaba? Akasema, "Ipo shangazi, ila imefungwa."

Kesho yake tukaenda kuiona. Chumba kizuri, bati bado linang'aa, na mlangoni kuna kibao chenye jina la mfadhili na tarehe ya uzinduzi. Chini ya kibao, kufuli. Nilichungulia dirishani nikikinga mwanga kwa viganja: rafu zimejaa, vitabu vimepangwa kwa urefu wake, vingine havijatolewa hata kwenye nailoni. Mikeka ya kukalia imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Nikampigia simu mwalimu anayeisimamia, mtu muungwana kabisa. Alikuwa kwao Mbeya. "Ufunguo ninao huku, dada," akaniambia. "Shule zikifunguliwa karibu sana."

Tangu siku ile nina hasira, na wala si hasira ya mwalimu. Mwalimu ana haki ya kwenda likizo akawaone wazazi wake. Isitoshe, vitabu vile ameviandikia sahihi. Kikipotea kimoja, yeye ndiye atakayeulizwa siku watu wa mradi watakapokuja kuhesabu. Mtu aliyekabidhiwa mali kwa masharti hayo atafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Hata mimi ningefanya hivyo.

Hasira yangu ni kwa namna tunavyoandika na kutoa ruzuku hizi. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya kuandaa maandiko ya miradi, najua bajeti inavyopangwa. Vitabu vina fungu lake. Rafu na rangi vina fungu. Uzinduzi una fungu nono: maturubai, spika, fulana, chakula cha wageni. Ukifika kwenye mtu wa kufungua mlango, unaambiwa wafadhili hawapendi gharama za uendeshaji, jamii itajitolea. Jamii ipi? Juni ni mavuno. Kila mwenye mikono yuko shambani au barabarani anauza. Mnamtaka nani aache riziki yake akakae na watoto arobaini bila hata nauli?

Hebu tupige hesabu. Pale kijijini kuna binti aliyemaliza kidato cha nne, hakuendelea, anakaanga maandazi asubuhi na kufikia saa nne ameshamaliza kuuza. Anasoma vizuri na watoto wanampenda. Mpe shilingi 5,000 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nne za likizo. Ni shilingi 60,000. Likizo ya Juni na ya Desemba, 120,000 kwa mwaka mzima. Sidhani kama fedha hiyo inatosha kukodi gari na spika za siku ya uzinduzi.

Na msiniambie serikali itajaza pengo hilo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 tunajua ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu vya kiada. Zinazobaki zinunue chaki, zikarabati dawati, zilipie mitihani. Hadithi za kusoma likizo hazimo humo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba posho ina hatari yake. Tumeona miradi ambayo posho ilipokatika, watu walikatika nayo. Lakini mlango usiofunguliwa hata siku moja umeokoa nini?

Tena haya si mageni kwetu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, vijiji vilipata madarasa ya kisomo, na baadaye maktaba za vijiji. Kule Mwanza likaanzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejifunza kusoma asikose cha kusoma. Msaada mkubwa wa elimu hiyo ya watu wazima ulitoka Sweden. Bibi yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo, na mpaka anafariki alikuwa anaikumbuka sauti ya mwalimu wake. Hakuna siku nilimsikia akisimulia rafu. Kule Garissa, Kenya, walipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996, palikuwa na mtu wa kuwaongoza ngamia na mtu wa kuazimisha vitabu. Ngamia asingekwenda peke yake.

Wapo pia waliotoa fedha kwa akili. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulikuwa unanunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu kilichokubaliwa na kuzipeleka shuleni, hivyo mchapishaji wa hapa akathubutu kuchapa hadithi za Kiswahili. Nyingi ya zile nilizoziona dirishani ni za Kiingereza, vitabu vilivyotumika na watoto wa mbali. Hilo ni la siku nyingine.

Ombi langu kwa mfadhili ni moja. Ukija kukagua, usiulize vitabu vingapi vipo. Uliza vingapi vimechanika. Kitabu chenye alama za vidole vya machungwa, kilichoshonwa mgongo kwa uzi, kimefanya kazi uliyokilipia. Vitabu vipya baada ya miaka mitatu ndivyo vya kukutia wasiwasi. Andika kabisa kwenye mkataba kwamba vinavyopotea havitadaiwa kwa mwalimu, na weka fungu la mtu wa likizo, kwa jina lake, kila mwaka.

Mwalimu alirudi Julai, tukazungumza tena. Alisita, akaomba mwenyekiti wa kijiji awepo, wakaandikishana. Desemba chumba kitakuwa mikononi mwa yule binti, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akishamaliza maandazi. 60,000 ya kwanza naitoa mimi. Ufunguo wa pili umeshachongwa Muheza mjini.