Karo Ikipunguzwa, Tuulize Nani Anaziba Pengo

Wazazi wengi hapa Nakuru wakisikia kwamba chuo kikuu fulani cha kibinafsi kimepunguza karo, hawaanzi kwa kufurahi bali kwa kushuku. "Kwani huko kumeharibika nini?" ndilo swali la kwanza. Ninalielewa, kwa kuwa tumezoea kupima elimu kwa bei yake, lakini naona kuna swali la maana zaidi: pesa zilizopunguzwa zitatoka wapi?

Marekani inatufunza jambo hapa. Vyuo vya kibinafsi vya huko hutangaza karo ya juu sana, kisha huwapa wanafunzi wao ufadhili wa ndani, na kwa wastani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupunguziwa zaidi ya nusu ya karo iliyotangazwa. Kwa hiyo Chuo cha Colby-Sawyer cha New Hampshire kilipoteremsha karo yake kutoka zaidi ya dola 46,000 hadi dola 17,500 mwaka wa 2023, si tofauti hiyo yote iliyoingia mifukoni mwa wazazi, kwani ni wachache waliokuwa wakilipa bei ile ya zamani kwa ukamilifu. Chuo cha St. John's, kilichopunguza yake kutoka takriban dola 52,000 hadi 35,000, kiliamua kutegemea zaidi michango ya wahisani.

Vyuo vyetu vya kibinafsi havina wahisani wa kiwango hicho. Vinaishi kwa karo. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wanafunzi wake huko na kuwalipia sehemu ya gharama, lakini mpango wa ufadhili wa mwaka wa 2023 ulifunga mlango huo. Mpango huohuo uliondoa ile karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka iliyozoeleka katika vyuo vya umma, ukaweka mgao wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa nyumba. Mzazi anayehesabiwa kuwa na uwezo, ambaye zamani hangefikiria mara mbili kabla ya kumpeleka mwanawe chuo cha umma kama Egerton, sasa anaweka karatasi mbili mezani, ya chuo cha umma na ya cha kibinafsi, na kuzilinganisha.

Hapo ndipo jina la chuo linapoingia, na si haki kuwacheka wanaolithamini. Katika harambee, mshereheshaji akitangaza kwamba mtoto ameitwa chuo chenye sifa, mikono huenda mfukoni haraka. Akitaja chuo kisichojulikana, watu huchukua soda na kutazama simu. Heshima ya jina, kwa hiyo, ina bei halisi, na familia zinajua hivyo. Tatizo ni kwamba harambee hulipa muhula wa kwanza, pengine na wa pili. Mwaka wa tatu mjomba aliyeahidi makubwa hapokei simu, na mama anabaki akikopa kwenye chama ili mtoto aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha mtihani. (Mjomba huyo, kwa uzoefu wangu, ndiye hukaa meza ya mbele siku ya mahafali.)

Kwa maoni yangu, basi, mzazi asiyekuwa na pesa za miaka yote minne mkononi ana sababu nzuri ya kuchagua chuo cha karo nafuu hata kama jina lake halitikisi ukumbi, mradi kozi yenyewe imeidhinishwa. Kwa uuguzi au uhandisi, idhini ya baraza au bodi husika ina uzito kuliko lango la chuo, kwa sababu bila usajili shahada hiyo haimpi mhitimu ruhusa ya kufanya kazi aliyoisomea.

Nafuu yenyewe nayo ichunguzwe kwa makini. Tangazo hutaja karo peke yake, ilhali ankara hubeba usajili, mtihani, maktaba, kitambulisho, matibabu na bweni, na hakuna kinachozuia chuo kuteremsha mstari wa kwanza huku kikipandisha ile mingine. Kabla ya kulipa chochote, ningeomba ofisi ya fedha ya chuo inipe kwa maandishi jumla ya kila mwaka hadi wa nne, pamoja na maelezo ya iwapo bei hiyo mpya inamlinda mwanafunzi hadi amalize au ni ya wanaojiunga mwaka huu tu.